Boi Hana Mjane

Jiwe lilifika Alhamisi likiwa limevikwa magunia, limelazwa kwenye trela la shamba kama mgonjwa. Wanaume walilisimamisha kichwani pa kaburi la mume wangu, wakalimwagia saruji miguuni, na kabla hawajayavuta yale magunia nikawapelekea blanketi. Walitandaza blanketi kwanza, kisha wakayatoa magunia kwa chini, polepole, kama mtu anayebadili nguo mbele ya wakwe. Hakuna aliyechungulia. Jiwe la marehemu halisomwi kabla ya siku yake. Ukilisoma mapema ni kama umemvua nguo mwenyewe.

Laiti tungechungulia.

Jiwe hilo hatukulinunua sisi. Lilikuwa zawadi ya Misisi. Ndivyo tulivyomwita mama mwenye shamba, Mama Hallam, mjane kama mimi, ila yeye wa nyumba kubwa ya bati jekundu na mimi wa nyumba ya pili kutoka bwawani. Mume wangu alipokufa Misisi alikuja mwenyewe, akakaa kitandani kwangu, akalia machozi ya kweli. Akasema, "Elsie, jiwe niachie mimi." Jina langu si Elsie. Lakini mtu anayelia kitandani kwako humsahihishi jina.

Mume wangu alikuwa Fikile Mabandla. Nyumbani hakuna aliyemwita Fikile. Aliitwa Tolo, jina la ukoo wake, kama mimi ninavyoitwa MamBhele kwa ukoo wa baba yangu. Kazini aliitwa Jackson, kwa sababu marehemu mzee Hallam alisema jina Fikile linamkwama kooni. Na akiitwa kutoka mbali hakuwa hata Jackson. Alikuwa boi. Neno hilo unalijua, maana Waingereza walilibeba kila walikokwenda pamoja na mizigo yao. Kwao ni mtoto wa kiume. Kwetu lilikuwa jina la kila mwanaume mweusi mwenye kazi mkononi: boi wa kondoo, boi wa bustani, boi wa jikoni, hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Mtoto wa Misisi, Peter, alipoanza tu kusema, meno ya mbele hayajamalizika kuota, alisimama barazani akapiga kelele, "Boi! Lete farasi!" Na Tolo, baba wa watoto watatu, akaleta farasi.

Jioni alikuwa akirudi, ananawa mikono, ananawa na uso kwa maji mengi, anaketi upande wa kulia wa nyumba, upande wa wanaume. Nami namwekea chakula nikisema, "Karibu, Tolo." Sikuwahi kumwuliza kwa nini anaitika kule. Mshahara ulikuwa umenunua kuitika kwake. Haukununua kitu kingine.

Sisi Waxhosa, mvulana ni mvulana mpaka apande mlimani. Wengine husema jandoni. Yanayofanyika huko mimi mwanamke siyajui, na hata machache ninayoyajua sitayaandika. Nitasema tu yale ambayo kila mtu huyaona: kibanda walicholala vijana kinachomwa moto pamoja na kila kitu cha utotoni mwao, na wao wanaondoka bila kugeuka nyuma. Tangu siku hiyo ukimwita mmoja wao mvulana umetafuta ugomvi wa fimbo. Mvulana haingii zizini wanaume wanapokula. Mvulana hasomewi sifa za ukoo. Akiiba kuku anachapwa tu, hashitakiwi, maana bado si mtu wa kushitakiwa. Wazee wana msemo kwamba mvulana ni mbwa, nao huusema huku wakicheka, wakisahau kwamba wao nao walikuwa mbwa.

Mwaka ule wote nilikuwa ndani ya nguo nyeusi. Mjane hapazi sauti. Hapiti katikati ya njia, anapita kando kwenye majani. Kanisani anakaa nyuma karibu na mlango, na salamu anaitikia kwa kichwa. Nilivumilia, nami ni mtu wa kuvumilia, nimelea watoto na wajukuu kwenye vyumba viwili. Nilijua jiwe likifunuliwa Jumamosi, nguo zile zitachomwa moto jioni yake na nitarudi kuwa mtu mwenye sauti.

Basi Jumamosi watu walijaa. Ng'ombe alikuwa amechinjwa jana yake, dume jeusi la doa tumboni. Pombe ya mtama ilikuwa imechacha vizuri kwenye mapipa, na povu lake lilikuwa zito kiasi cha kushika kijiti. Bonakele alifika kwa lori la maziwa, kashika mgongo kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Huyu ndiye aliyepanda mlimani pamoja na mume wangu, wakalala kibanda kimoja, wakapakwa udongo mweupe siku moja. Wenzao wengine wote walikuwa wamekwisha kufa. Alikuwa mzee mkali, mlafi, asiyeona vizuri, na nilimpenda.

"MamBhele, nyama iko wapi?" Ndiyo salamu yake.

"Jiwe kwanza, shemeji."

"Jiwe halikimbii."

Misisi alikaa kwenye kiti alicholetewa, kofia ya majani kichwani, leso mkononi. Mchungaji aliomba. Kisha Zolile, mdogo wake marehemu, akashika pembe moja ya blanketi na Bonakele nyingine. Wakavuta.

Jiwe lilikuwa jeusi, linang'aa, lazima niseme lilikuwa zuri. Watu waliokuwa karibu walijiona ndani yake. Na maandishi yalikuwa ya Kiingereza, ya rangi ya dhahabu: JACKSON. BOI WETU MWEMA NA MWAMINIFU. Chini yake, familia ya Hallam.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na Kiingereza changu ni cha kuombea chumvi dukani. Lakini neno lile nalijua kwa sura. Lilikuwa limepakwa rangi kwenye mlango wa choo cha nyuma ya ghala, choo cha wafanyakazi, ili mtu mzima asikosee akaingia kile cha wenyewe.

Zolile alikuwa amejiandaa kusoma sifa za ukoo. Alifungua mdomo. "Tolo! Dlangamandla..." Akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye jiwe. Akafunga mdomo. Nyuma yangu mwanamke mmoja alisema, "Yo!" na mwingine akamnyamazisha.

"Wameandika nini?" Bonakele aliuliza kwa sauti. "Mbona mmenyamaza? Mimi sioni."

Mwishowe Dumile wa shamba jirani, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kula likizo, akasema, "Wameandika boi, babu."

"Boi nani?"

"Mwenye kaburi."

Bonakele akaliachia blanketi likaanguka. "Mimi nimetoka kwangu alfajiri," alisema, "nimebanwa na mitungi ya maziwa njia nzima, nimekuja kumlilia mvulana?"

Mchungaji akaona bora aombe tena, haraka haraka.

Baada ya amina Misisi aliinuka akanijia, akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema nami kwa Kixhosa, maana alikijua tangu utoto, kile cha jikoni. "Umelipenda, Elsie?"

Nilikuwa bado ndani ya nguo nyeusi. Nilisema kwa sauti ya mjane, ya chini, mpaka akainama kunisikia. "Misisi, humu ndani nimemzika mume wangu. Huyo boi ni nani?"

"Si Jackson wetu?"

"Ni babu mwenye wajukuu tisa."

"Lakini Elsie, hilo ni neno la upendo! Sisi tunaitana hivyo. Marehemu mume wangu akienda kunywa na wenzake anasema anakwenda na maboi. Timu yetu ikishinda tunasema maboi wetu wameshinda. Hata mbwa wangu, nikimpenda sana, namwambia boi mwema."

"Tumesikia, Misisi," akasema Dumile.

"Siku hizi mmekuwa wepesi wa kukasirika," Misisi alisema, na leso ikarudi puani. "Tangu ule uchaguzi mliopiga kura nanyi, kila neno ni tusi. Jackson mwenyewe hakukasirika hata siku moja."

Hapo ndipo moyo wangu uliposimama kama punda. Ati hakukasirika! Mimi ndiye niliyekuwa namwagia maji ya kunawa uso. Mimi ndiye niliyemwona anakaa na sahani mapajani, kijiko hakiendi mdomoni, mpaka mchuzi unaganda. Niliokota blanketi chini, nikalikung'uta vumbi, nikalifunika jiwe tena. Nikalikaza vizuri pande zote, nikageuka, nikaenda nyumbani kwa kupita kwenye majani.

Watu wakanifuata, maana nyama ilikuwa huko.

Wanaume wakaingia zizini, wakaketi kwa mpangilio wao, wazee juu, vijana waliotoka mlimani karibuni upande wa lango. Wanawake walikuwa kwenye vyungu vya chuma vya miguu mitatu. Nontando, jirani yangu aliyesimamia mapishi, alikuwa amekwisha kupakua fungu la wanaume kwenye masinia: kidari, mbavu, nyama ya bega.

"Hayo masinia yanakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Zizini, dada. Yangekwenda wapi?"

"Wapelekee wavulana."

Alicheka. Akaniangalia, akaacha kucheka. "MamBhele, ni fungu la wanaume hilo."

"Leo tumefunua jiwe la boi. Shughuli ya boi wanakula maboi. Wanaume hapa hawapo, na kama wapo basi wamepotea njia. Peleka."

"Watatuua."

"Kwa nguvu gani? Hawajala."

Nontando akashika sinia. Wale wavulana walikuwa nyuma ya nyumba wakingojea utumbo na shingo kama kawaida yao. Walipoona kidari kinawajia walirudi nyuma, wakidhani ni mtego. Mmoja akauliza kama kuna mtu amekufa. Nikawaambia wale, ni amri yangu. Basi wakala, eh, wakala kama moto kwenye nyasi kavu. Mapipa ya pombe niliyafunika, nikaweka kigoda changu mbele yake nikaketi.

Zizini kulikuwa kimya kwanza. Halafu kukawa na minong'ono. Halafu nikamsikia Dumile, sauti yake ikipita juu ya ukuta wa mawe:

"Lakini mama ana haki. Tolo ni boi, imeandikwa kwa dhahabu. Na mzee Bonakele walilala kibanda kimoja. Basi mzee Bonakele, samahani, hebu zunguka nyuma ya nyumba. Wenzako wanamaliza mbavu."

Kicheko kilipasuka. Kikafuatiwa na mlio wa fimbo kugonga kitu, nadhani ni goti la Dumile, maana yeye aliacha kucheka.

Zolile akaja, jasho likimtoka. "Shemeji, unatuaibisha."

"Mimi?"

"Watu wametoka mbali. Tule kwanza. Jiwe tutazungumza na Misisi taratibu, wiki ijayo, mwezi ujao."

"Zolile, nisikilize. Boi hana mke, kwa hiyo boi hana mjane. Kama yule ni boi, mimi nimevaa nguo nyeusi mwaka mzima kwa ajili ya nani? Watoto wangu ni wa nani? Nimewazaa na mvulana vichakani? Sema, wewe ndiye mkubwa wa ukoo sasa."

"Usiseme hivyo."

"Sisemi mimi, linasema jiwe. Na wageni watasoma hata mimi nikiwa nimekufa. Nguo hizi sizivui leo. Sizivui mpaka litoke. Nitazikwa nazo."

Aliangalia chini. Nilijua anachokiogopa, wala simlaumu: nyumba yake ilikuwa ya shamba, na kazi yake ya kukata manyoya ya kondoo ilikuwa ya shamba, na hata makaburi yetu yalikuwa ndani ya uzio wa shamba.

Misisi naye akafika. Alikuwa amekaa chini ya turubai na sahani tupu, hakuna aliyemhudumia, akaja kuona kuna nini. Akamkuta mjukuu wangu Zintle ananisaidia kulinda pombe. Zintle alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari.

"Zintle, wewe umesoma," Misisi alisema. "Mweleze bibi yako. Mwambie maana ya neno hilo. Ni mtoto wa kiume tu, halina ubaya ndani yake."

Zintle alinitazama. Ni binti mkweli, na ukweli humpa shida. "Misisi, siku hizi ndiyo maana yake. Lakini hilo neno halikuanzia kwa mtoto."

"Lilianzia wapi?" nikauliza.

"Zamani sana, kwao Uingereza, lilikuwa mtumishi, bibi. Mtu wa chini, mtu asiye na heshima. Maana ya mtoto ilikuja baadaye. Na kabla ya hapo hakuna mwenye uhakika. Wako wataalamu wanaobahatisha kwamba mzizi wake ni neno la kale la pingu, za kufungia mtu miguu au shingo. Wengine wanakataa."

Unajua, mpaka dakika ile kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyokuwa inamtetea Misisi. Nilikuwa nasema, labda ni lugha tu, labda kwao ni tamu na kwetu chungu, kama zile mboga ambazo mtu mmoja anazila na mwingine zinamwasha. Sasa nikaona. Lile neno halikukosea njia hata kidogo kutoka kwao mpaka ghalani kwetu. Lilikuja likiwa na kazi yake ileile.

"Mimi sikuyajua hayo," Misisi alisema, na uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Sasa umeyajua," nikamwambia.

"Nililitoa kwa moyo mmoja."

"Najua, Misisi. Ndiyo maana limeniuma hivi. Adui angeandika, ningetema mate nikalala."

Akajikaza. "Basi mimi siliondoi. Limelipiwa, limejengewa, na ardhi ile ni yetu. Zolile, waambie watu wale chakula."

Nilimgeukia Zolile. Sauti ya mjane ilikuwa inanitoka tu, ya chini, sikuwa na nyingine, na watu waliokuwa karibu walinyamaza ili waisikie.

"Zolile, nafasi yako ya kuzikwa iko wapi?"

"Kando ya kaka yangu."

"Na kule kazini wanakuitaje?"

Kila mtu alikuwa anajua wanamwita Sixpence, jina la sarafu ndogo ya Waingereza.

"Basi chagua maandishi yako mapema," nikasema. "Misisi ana mkono mzuri wa kuchagua mawe."

Nilifikiri atalia. Kisha akazunguka nyuma ya banda la kuku, tukasikia vyuma vinagongana, akarudi na mtaimbo begani na sululu mkononi. Hakumtazama Misisi wala mimi. Alipita kwenye lango la zizi akasema, "Aliyepanda mlimani na anifuate."

Wakatoka wote. Bonakele alitangulia, bila kuona anakokanyaga, Dumile akimshika kiwiko na kutukanwa njia nzima kwa ajili ya ule utani. Saruji ilikuwa bado changa. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio na wanawake wengine, nikaona jiwe linatikisika, linainama, linalala juu ya blanketi langu. Walilibeba taratibu, hawakulivunja, hata pembe haikukwaruzika. Nilikuwa nimewaagiza hivyo. Wakalipakia kwenye mkokoteni wa punda, wakalipeleka mpaka kwenye geti la nyumba kubwa, wakalilaza kwenye majani, maandishi juu.

Misisi alikuwa kwenye gari lake, kioo kimeshushwa. "Elsie," aliniita.

"Mimi ni MamBhele," nikamwambia.

Alipandisha kioo.

Wanaume wakashuka kijitoni. Kila mmoja akarudi na jiwe la mtoni kwa kadiri ya nguvu zake, wengine la kichwa cha ndama, Bonakele la ngumi, na wakayapanga kichwani pa kaburi kama ilivyokuwa ikifanywa kabla ya mafundi wa mjini. Halina maandishi lundo lile. Sasa Zolile alipofungua mdomo haukufungwa tena. Aliita, "Tolo! Dlangamandla! Zulu! Mchenge!" akaendelea mpaka kwa mababu ambao hata mimi sikuwahi kuwasikia, na wanaume wakaitikia kila jina kwa kifua, mpaka kondoo wa upande wa pili wa bwawa wakainua vichwa.

Jioni hiyo nguo nyeusi zilichomwa. Jumatatu Zolile aliitwa nyumba kubwa akaambiwa msimu ujao wa manyoya hatahitajika. Sasa anakata kwa mashamba ya upande wa pili wa mlima na analala huko siku za kazi, na kila akija anapita makaburini kwanza. Hajaniambia anajuta, nami sijamwuliza.

Lakini siku ile, wanaume waliporudi zizini na kuketi, niliwafunulia pombe mwenyewe. Nyama iliyobaki ilikuwa ya miguu na mgongo, imekaa motoni kwa kusahauliwa. Sinia la kwanza likaenda kwa Bonakele. Alitia mkono, akatafuna, akatafuna tena, akatema mfupa.

"MamBhele! Nyama hii imepikwa mpaka imekuwa uji!"

"Kula, shemeji!" nilimpigia kelele kutoka mlangoni, kelele kweli, koo lote, mpaka Nontando akaruka. "Mlichelewa kuwa wanaume!"